Oksijeni isisahaulike katika habari za silikoni inayong'aa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nizungumzie makala ya ukurasa wenu wa sayansi iliyohusu maganda ya mpunga yanayogeuzwa kuwa taa. Mwandishi alieleza kwa lugha nyepesi jinsi watafiti wa Chuo Kikuu cha Hiroshima, nchini Japani, walivyotangaza mwaka 2022 kwamba wametoa silikoni katika maganda hayo, wakaipunguza kwa njia ya kemia hadi ikawa chembe zenye upana wa nanomita 3 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kisha wakazitumia kutengeneza taa ya LED yenye mwanga wa rangi ya machungwa inayokaribia wekundu. Sisi tunaoishi jirani na mashine za kukoboa, ambako maganda hurundikana nyuma ya ukuta na mara nyingi huishia kuchomwa moto, tunaipokea kwa furaha habari ya namna hiyo, na nimewaona wanafunzi wangu wa kidato cha sita wakipokezana gazeti ili waisome. Kwa kuwa vijana wanaisoma na kuiamini, nimeona ni wajibu wangu kuandika. Makala ilisema kwamba rangi ya mwanga wa chembe za silikoni huamuliwa na ukubwa wake tu: chembe kubwa hutoa mwanga mwekundu, ndogo hutoa wa bluu, na maelezo yakaishia hapo. Huo ni ukweli, lakini ni nusu yake, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyowasumbua wanafizikia na wanakemia kwa zaidi ya miaka 30. Inahusu uso wa chembe, na hasa inahusu oksijeni.

Nianze na kile ambacho mwandishi alikieleza sawasawa. Silikoni ya kawaida, ile iliyomo katika kompyuta na katika paneli za jua, ni nusukipitishi hodari kwa kazi nyingi isipokuwa kazi ya kutoa mwanga. Pengo lake la nishati, yaani kiasi cha nishati ambacho elektroni inahitaji ili ipandishwe na inachokiacha inaposhuka, ni elektronivolti 1.12 (kipimo cha nishati ya elektroni) katika joto la kawaida, kwa hiyo hata ule mwanga hafifu inaoutoa una urefu wa wimbi wa takriban nanomita 1,100, ndani ya eneo la infraredi ambalo jicho la binadamu halilioni. Isitoshe, elektroni iliyopandishwa juu ya pengo hilo haiwezi kushuka moja kwa moja na kuiacha nishati yake kama mwanga, kwa kuwa mwendo wake ndani ya fuwele haulingani na mwendo wa nafasi tupu inayotakiwa kuijaza. Hulazimika kusaidiwa na mtetemo wa atomi, na msaada huo hauji upesi. Kabla haujafika, elektroni huwa imekwisha kukutana na kasoro fulani katika fuwele na kuipoteza nishati yake kama joto. Ndiyo sababu taa za LED tunazowasha majumbani hazitengenezwi kwa silikoni, ingawa silikoni ni zaidi ya robo ya uzito wa gamba la dunia.

Mwaka 1990 Leigh Canham, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya serikali ya Uingereza huko Malvern, alichapisha matokeo yaliyoamsha wengi. Kipande cha silikoni kilichotobolewa kwa umeme ndani ya asidi ya haidrofloriki, hadi kikabaki na nyuzi nyembamba za upana wa nanomita chache, kiling'aa kwa mwanga mwekundu unaoonekana kwa macho, katika joto la kawaida la chumba. Mwaka uliofuata Volker Lehmann na Ulrich Gösele walifikia maelezo ya aina hiyohiyo kwa njia yao: elektroni iliyobanwa katika nafasi finyu hulazimika kuwa na nishati kubwa zaidi, pengo la nishati hupanuka, na mwanga husogea kutoka infraredi kwenda kwenye wekundu, kisha kwenye machungwa na kuendelea. Hii ndiyo kanuni ya ukubwa ambayo makala yenu iliisimulia, na hakuna mwanafizikia anayeipinga. Ubishi ulizuka pale watu walipojaribu kuitumia kanuni hiyo kutabiri rangi ya chembe halisi, zilizokaa katika hewa halisi, wakakuta kwamba hesabu na vipimo havipatani.

Ili msomaji aone kwa nini havikupatana, afikirie chembe moja ya silikoni yenye kipenyo cha nanomita 3. Katika nanomita moja ya ujazo wa silikoni kuna atomi takriban 50, kwa hiyo chembe hiyo nzima ina atomi zipatazo 700 tu, na takriban theluthi ya hizo ziko nje, kwenye uso. Katika kipande cha silikoni kinachoshikika mkononi, atomi za usoni ni chache mno zikilinganishwa na za ndani, na mtu anaweza kuzisahau bila hasara kubwa. Katika chembe ya nanomita 3, kuusahau uso ni kulisahau sehemu kubwa ya jambo lenyewe.

Kila atomi ya silikoni ina mikono minne ya kushikana na jirani zake. Ndani ya fuwele mikono yote minne imeshikwa. Usoni, mikono mingine inaelekea nje ambako hakuna jirani, na kinachotokea kwa mikono hiyo ndicho kinachoamua kama chembe itang'aa au itabaki giza. Chembe inapotoka katika asidi ya haidrofloriki, mikono ya nje huwa imeshikwa na atomi za haidrojeni, na haidrojeni ni mshikaji asiyeingilia mambo ya ndani: huuziba mkono bila kuweka ngazi yoyote mpya ya nishati ndani ya pengo. Mkono mmoja ukibaki wazi hali hubadilika kabisa. Mkono ulio wazi huwa na ngazi ya nishati katikati ya pengo, na elektroni inayopita karibu hunaswa hapo na kushuka bila kutoa mwanga. Kwa chembe ndogo kiasi hiki, mkono mmoja tu ulio wazi unatosha kuuzima mng'ao wake. Maana yake ni kwamba chembe mbili zenye ukubwa uleule, zilizotoka katika chupa moja, zinaweza kutofautiana kiasi kwamba moja inawaka na nyingine imezimika.

Sasa hewa inaingia. Uso wenye haidrojeni haudumu ulivyo. Oksijeni pamoja na mvuke wa maji huushambulia kidogo kidogo, na baada ya muda kuna tabaka la oksidi ya silikoni lililoufunika. Unyevu huiharakisha kazi hiyo, jambo ambalo mtafiti wa Dar es Salaam au Mombasa anapaswa kulikumbuka anaposoma taarifa za maabara yenye hewa kavu. Watu wengi husikia neno oksidi wakafikiria uharibifu, lakini kwa silikoni hali haiko hivyo moja kwa moja, kwa sababu oksijeni hufanya mambo kadhaa kwa wakati mmoja na baadhi yake yanapingana.

La kwanza, oksijeni huila silikoni yenyewe. Kila nanomita moja ya oksidi inayoota juu ya uso hutumia takriban nanomita 0.44 ya silikoni iliyokuwa chini yake. Chembe kwa nje inanenepa, ilhali kiini chake cha silikoni kinapungua, na kiini ndicho kinachoibana elektroni. Kwa kanuni ya ukubwa, basi, chembe inayooksidika ingepaswa kusogea kuelekea bluu, na kweli watafiti wengi wameupima msogeo huo walipozioksidisha chembe kwa joto. Hapa pia ndipo yanapoanza makosa ya vipimo: mtu anayepima kipenyo cha chembe nzima akasahau kuondoa gamba la oksidi, atahusisha rangi fulani na ukubwa usio wake.

La pili linakwenda kinyume na la kwanza, na lilionekana wazi mwaka 1999 katika kazi ya kikundi cha Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, kilichoshirikiana na wananadharia wa Lille, Ufaransa. Mwandishi wa kwanza wa kazi hiyo alikuwa M. V. Wolkin, na miongoni mwa wenzake walikuwemo Philippe Fauchet na Christophe Delerue. Walitengeneza silikoni yenye vinyweleo, yaani iliyotobolewa kama ile ya Canham, yenye chembe za ukubwa mbalimbali, na kuitunza ndani ya agoni, gesi isiyoshikana na kitu, bila kuiruhusu ikutane na hewa hata kidogo. Katika hali hiyo kanuni ya ukubwa ilitii vizuri sana: kadiri chembe zilivyokuwa ndogo ndivyo mwanga ulivyohama kutoka wekundu hadi bluu. Kisha wakazifungulia hewa. Chembe kubwa hazikubadilika sana, lakini zile zilizokuwa ndogo kuliko nanomita 3 zilirudi nyuma kuelekea wekundu, nyingine kwa kiasi cha elektronivolti 1 nzima, na baada ya hapo hapakuwa na sampuli iliyotoa mwanga wenye nishati iliyopita elektronivolti 2.1, ambayo ni rangi ya manjano inayoelekea machungwa. Kikundi hicho hakikuwa kimegusa ukubwa wa chembe ili kuleta badiliko hilo. Kilichobadilika ni kwamba haidrojeni ya usoni iliipisha oksijeni.

Naomba wasomaji watulie juu ya jaribio hilo, kwa kuwa linajibu moja kwa moja sentensi ya makala yenu. Kama ukubwa ungekuwa mwamuzi pekee, oksijeni ingepunguza kiini na kuusogeza mwanga kwenye bluu. Badala yake mwanga ulikwenda upande wa pili. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba atomi ya oksijeni ikishikwa na silikoni kwa mikono miwili huweka ngazi mpya ya nishati. Katika chembe kubwa ngazi hiyo iko nje ya pengo na haina athari. Pengo linapopanuka, kadiri chembe inavyopungua, ngazi ya oksijeni hujikuta imo ndani ya pengo, elektroni hunaswa hapo, na mwanga hutoka kwenye ngazi hiyo. Chembe zikiwa ndogo zaidi, chini ya nanomita 1.5 hivi, hata nafasi tupu iliyoachwa na elektroni hunaswa usoni, na kuanzia hapo kupunguza ukubwa hakubadilishi rangi ila kidogo sana.

Si wote waliokubali kwamba mshiko wa mikono miwili ndio chanzo. Wanakemia wanajua kwamba silikoni, tofauti na kaboni, haipendi kuishika oksijeni kwa mikono miwili. Hupendelea kuiweka oksijeni katikati ya atomi mbili za silikoni kama daraja. Kwa hiyo wapo wanaosema kwamba ngazi zinazonasa elektroni zinatokana na madaraja hayo kwenye mpaka kati ya silikoni na oksidi, au na mkazo unaotokea hapo kwa sababu oksidi inahitaji nafasi kubwa kuliko silikoni iliyoizaa. Hata kabla ya hapo, mwaka 1992, kikundi cha Ujerumani kilikuwa kimependekeza kwamba mwanga wa silikoni yenye vinyweleo hautoki kwenye silikoni kabisa, bali kwenye mchanganyiko wake na oksijeni na haidrojeni uitwao siloksini. Pendekezo hilo halikusimama kwa muda mrefu, kwa kuwa sampuli zilizoondolewa haidrojeni na kuoksidishwa kwa joto kali ziliendelea kung'aa, lakini liliwalazimisha watu wote kuacha kuuchukulia uso kama jambo la pembeni, na kwa hilo ninaliheshimu.

Swali la mahali hasa mwanga unapotoka, kama ni ndani ya kiini au kwenye kasoro za usoni, lilijibiwa kwa ustadi mkubwa mwaka 2008 na kikundi cha Leuven, Ubelgiji, kilichokuwa na Manus Hayne wa Lancaster, katika kazi ambayo mwandishi wake wa kwanza ni S. Godefroo. Walitumia sumaku yenye nguvu ya hadi tesla 50, yaani takriban mara milioni moja ya nguvu ya sumaku ya dunia. Hoja yao ni rahisi kuifuata. Elektroni iliyotandazwa katika kiini kizima hubanwa zaidi na sumaku kali, na rangi ya mwanga wake husogea kidogo. Elektroni iliyonaswa katika kasoro moja tayari imebanwa kiasi ambacho sumaku haiwezi kuiongezea kitu, na rangi yake haisogei. Chembe zao zilikuwa ndani ya oksidi ya silikoni. Mwanzoni rangi haikusogea: mwanga ulitoka kwenye kasoro za mpakani. Wakazipitishia haidrojeni, mikono iliyo wazi ikashikwa, na safari hii rangi ikasogea: mwanga ulitoka kwenye kiini. Wakazimulika kwa mwanga mkali wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, kasoro zikarudi, na mwanga ukawa tena wa kasoro. Chembe zilikuwa zilezile muda wote, na ukubwa wake ulikuwa uleule.

Kuna jambo jingine ambalo makala yenu ililigusa bila kukusudia, nalo ni mwanga wa bluu. Ilisemwa kwamba silikoni ya bluu ni silikoni ndogo. Maabara nyingi zilizotengeneza chembe za silikoni kwa kemia ya vimiminika zilipata mwanga wa bluu, na kwa miaka mingi uliripotiwa kuwa ushahidi wa udogo. Mwaka 2013 Mita Dasog, Jonathan Veinot na wenzao wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, pamoja na washirika wao, waliuchunguza upya. Walichukua chembe zinazotoa mwanga mwekundu na kuzikutanisha na viwango vidogo vya michanganyiko yenye naitrojeni, na zikaanza kutoa mwanga wa bluu bila kiini kupungua. Chanzo walichokionyesha ni naitrojeni ikishirikiana na oksijeni usoni. Hata muda wa mwanga unatofautisha mambo hayo mawili. Mwanga mwekundu wa kiini hufifia polepole, kwa mikrosekunde makumi hadi mamia, kwa kuwa silikoni hata ikiwa ndogo hivyo bado inahitaji msaada wa mtetemo wa atomi. Mwanga wa bluu hufifia ndani ya nanosekunde, maelfu ya mara upesi zaidi. Anayepima rangi bila kupima muda hawezi kujua anatazama nini.

Nisieleweke kwamba naitangaza oksijeni kuwa adui. Ikiota taratibu na kwa joto linalofaa, oksidi huishika mikono ya silikoni vizuri sana, na ubora wa mpaka huo ndio uliolifanya tasnia nzima ya vichakato vya kompyuta iweze kusimama. Louis Brus, mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 2023 kwa kazi yao ya chembe za kwantamu, yaani chembe ndogo kiasi kwamba ukubwa wake hubadilisha rangi yake, pamoja na Moungi Bawendi na Alexei Ekimov, alichapisha mwaka 1993 akiwa na wenzake wa maabara ya Bell Labs, Marekani, utafiti juu ya chembe za silikoni zilizochambuliwa kwa ukubwa na kuoksidishwa usoni makusudi. Walionyesha kwamba chembe hizo huangaza vizuri kwa sababu uso umezibwa, elektroni haina mahali pa kupotelea, na kwa hiyo inaweza kusubiri hadi itoe mwanga, japokuwa kusubiri huko ni kwa muda mrefu. Kule Tokyo, Bernard Gelloz na Nobuyoshi Koshida waliripoti mwaka 2005 kwamba silikoni yenye vinyweleo ikipikwa ndani ya mvuke wa maji wenye mgandamizo mkubwa hupata oksidi tulivu, mng'ao wake huongezeka sana na haufifii upesi kama ule wa silikoni isiyotibiwa. Oksijeni ileile iliyoharibu rangi kule Rochester imekuwa mlinzi wa mng'ao kule Tokyo. Kinachotofautisha ni namna ilivyoingizwa.

Hata tiba imenufaika. Mwaka 2009 kikundi cha Michael Sailor huko San Diego, kikishirikiana na Sangeeta Bhatia na wengine, kilitengeneza chembe za silikoni yenye vinyweleo ambazo mng'ao wake uliwashwa kwa kuziacha ziote oksidi ndani ya maji. Ziliingizwa katika panya, mwanga wao ukaonekana kupitia ngozi, kisha chembe zikayeyuka kuwa asidi ya siliki ambayo figo huitoa mwilini. Chembe za kwantamu zenye kadimiamu hung'aa zaidi, lakini kadimiamu ni sumu, na Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 0.01 katika vifaa vya umeme. Katika chembe za Sailor, uoksidishaji ndio unaozifanya ziwake na ndio unaoziondoa mwilini, na kazi ya mtafiti ni kuupima mwendo wake ili jambo la pili lisitangulie la kwanza.

Turudi Hiroshima. Kikundi hicho hakikuishia kuzifanya chembe ziwe ndogo. Baada ya kuchoma maganda ili kupata silika, yaani oksidi ya silikoni, kuigeuza silika kuwa silikoni katika tanuri, na kuipunguza hadi nanomita 3, walichukua hatua ya mwisho ambayo makala yenu haikuitaja: waliufunika uso wa chembe kwa molekuli za kikaboni, ili oksijeni isiufikie kirahisi na chembe ziweze kuelea katika kimiminika bila kugandana. Ni baada ya hatua hiyo ndipo walipopata chembe zinazotoa mwanga kwa ufanisi wa zaidi ya asilimia 20. Huko Minnesota, mwaka 2006, kikundi cha Uwe Kortshagen kilichotengeneza chembe za silikoni kwa plazma (gesi iliyotiwa umeme) na kuzifunika kwa molekuli za kikaboni bila kuziachia hewa kiliripoti ufanisi wa zaidi ya asilimia 60. Kwa maoni yangu habari ya maganda ya mpunga ikisimuliwa bila hatua ya kufunika uso inakosa kiungo chake muhimu zaidi, kwa kuwa kuchoma maganda na kupata silika ni kazi ambayo vyuo vyetu vinaiweza, ilhali kuulinda uso wa chembe usiguswe na hewa kunahitaji vifaa, gesi safi na subira ya aina nyingine kabisa.

Ninalisema hili nikiwafikiria vijana watakaoandika miradi yao ya shahada kuhusu maganda ya Mbarali, Kyela au Mwea, kwa kuwa nina hakika watakuwepo. Kijana atakayepata unga wa silikoni unaong'aa chini ya taa ya urujuanimno atataka kuandika mara moja kwamba chembe zake ni za nanomita kadhaa kwa kuwa rangi ni fulani. Asiandike hivyo. Aeleze kwanza chembe zilitoka katika asidi lini na zilikaa katika hewa kwa muda gani kabla ya kupimwa, kwa kuwa rangi ya siku ya kwanza na rangi ya wiki ya tatu zinaweza kuwa tofauti. Atumie kipimo cha infraredi kuangalia kama mishiko ya silikoni na haidrojeni bado ipo au imekwisha kubadilishwa na ile ya silikoni na oksijeni. Chombo hicho kinapatikana katika vyuo vikuu vyetu kadhaa, na matokeo yake yana thamani kuliko picha nzuri ya chupa inayong'aa. Na kama mwanga wake ni wa bluu, ajiulize naitrojeni imetoka wapi kabla hajajipongeza kwa udogo wa chembe.

Kwa gazeti lenu ombi langu ni dogo. Mtakapoandika tena juu ya jambo hili, iongezeni sentensi moja isemayo kwamba rangi na nguvu ya mwanga wa chembe za silikoni hutegemea ukubwa wa kiini pamoja na kile kilichoushika uso wake, na kwamba oksijeni ya hewani inaweza kuvibadilisha vyote viwili. Msomaji wa kawaida hatashindwa kuielewa sentensi hiyo. Sioni sababu ya kumpunguzia ukweli kwa kudhani kwamba utamchosha.

Mwisho kuna jambo la usalama ambalo siwezi kulinyamazia, kwa kuwa makala ilitaja asidi bila kusema ni ipi. Chembe hizi husafishwa na kupunguzwa kwa asidi ya haidrofloriki, ambayo huondoa oksidi ya silikoni na kuuacha uso ukiwa na haidrojeni. Asidi hiyo hula kioo, kwa hiyo haiwekwi katika chupa za kawaida za maabara. Ikiwa dhaifu, inaweza kugusa ngozi na mtu asisikie maumivu mpaka saa kadhaa zipite, wakati ambapo imekwisha kupenya ndani, kuishika kalsiamu ya mwili na kuhatarisha mapigo ya moyo. Maabara isiyo na jeli ya kalsiamu glukonati mezani, glavu zinazofaa, kabati la kuvuta hewa na mtu aliyefunzwa, isiiguse kabisa, na mwanafunzi wa sekondari asiijaribu kwa namna yoyote. Nimekwisha kuwaambia hivyo wanafunzi wangu waliolisoma gazeti lenu, na naomba mwaambie na wengine ambao sauti yangu haiwafikii.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Fizikia,
Mbeya